Kitanda cha Mjomba Kwenye Josho

Serikali ya Saudia ilimpa baba ardhi, na Ijumaa moja tukatoka nyumba nzima kwenda kuitafuta. Baba hapa si aliyenizaa. Ni kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, mwenye nyumba niliyopikia na kufagia kule Riyadh tangu nilipotoka Kenya na cheti cha kidato cha nne, nikimwachia mamangu mtoto wa kike aliyekuwa ndio kwanza ameacha ziwa. Mkewe nilimwita madam. Mamake baba, ambaye ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba ile, nilimwita mama kabir, yaani mama mkubwa, kama wafanyakazi wote wa kule wanavyowaita mabibi wa nyumba.

Kwao mwananchi huomba kiwanja kwa serikali, kisha hungoja. Baba aliomba akiwa bwana harusi. Alipopewa alikuwa na kipara na watoto wa sekondari. Kwenye karatasi kiwanja kilipimwa vizuri mno: namba, barabara mbele, barabara nyuma, hadi bustani ya watoto. Tulipofika tulikuta mchanga. Barabara hakuna, nguzo ya umeme hakuna, na bustani ya watoto labda ilikuwa chini zaidi. Baba akazungusha gari, akashuka, akapanda, akaapa kona ni hapa, halafu akaapa ni pale. Madam alikunja uso, na madam akikunja uso mimi husogea mbali naye.

Mama kabir ndiye aliyekata maneno. Akaniambia nitandike zulia.

"Wapi, mama?"

"Hapa. Miguu yangu imechoka hapa, basi kiwanja ni hapa."

Nikatandika, nikaweka birika la gahawa na tende. Hatujamaliza kikombe cha kwanza likaja gari jingine, na familia nyingine, na zulia lao, na bibi wao. Nao walikuwa wakitafuta chao, na kwa hesabu zao kilikuwa chini ya birika letu. Wanaume wakasimama kando wakisalimiana salamu ndefu na kuoneshana simu. Mabibi wawili wakatazamana kama kuku waliokutana kwenye punje moja. Ila kule huwezi kugombana na mtu kabla hujamnywesha gahawa, na walipomaliza kunywa jua lilikuwa limekuwa kali kuliko ugomvi. Kila mtu akakunja zulia lake. Tukarudi mjini bila kujua kiwanja kiko wapi.

Nilicheka kwenye kiti cha nyuma mpaka madam akageuka.

"Unacheka nini wewe?"

"Nimekumbuka kwetu, madam."

Hakuamini, lakini ilikuwa kweli. Kwetu ndiko serikali ilikotufundisha kutafuta ardhi yetu wenyewe.

Wazungu walipogawa nchi, penye mvua walichukua wao, pakavu wakatuachia. Halafu wakaona hata pakavu hatuwezi kuaminiwa napo, wakasema patashikwa na wakubwa kwa niaba yetu. Uhuru ulipokuja, mshikaji akawa kaunsili, lile baraza la madiwani. Mwalimu wetu wa historia alituandikia ubaoni: ardhi ya amana ni mali ya wenyeji, kaunsili ni mshikaji tu. Mimi najua amana. Jirani akikuachia kuku wake akienda matangani, akirudi anamkuta kuku, na ukiwa mtu mzuri anakuta na mayai. Kwa kaunsili yetu mtu alirudi akakuta manyoya.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu, usidhani ni wizi wa ovyo. Kwanza ardhi hutengwa kwa faida ya watu wote: hapa soko, hapa shule, hapa uwanja wa michezo. Ikitengwa, aliyekuwa akilima anaondoka, kwa sababu mwananchi mzuri hazuii maendeleo. Kisha miaka inapita, soko halijengwi. Uchaguzi ukinukia, soko linakatwa ploti. Ploti moja shemeji wa diwani, moja aliyemtilia diwani mafuta ya gari, moja mchungaji, ili Jumapili asiombee jambo hilo kwa sauti. Ploti hiyohiyo moja waliweza kupewa watu watatu, na mwenyewe akawa yule aliyewahi kuleta mawe. Uwanja wetu wa mpira ulimegwa hivyo mpaka mpiga kona akawa anasimama ndani ya ua wa mtu, na mwenye ua akawa anatoza kiingilio.

Sisi tulikuwa tunakaa kwenye josho. Ndivyo ramani ilivyosema. Kaunsili ilitenga ardhi ya nyanya yangu iwe josho, mahali pa kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Wakachimba shimo refu, wakaleta saruji, na usiku mmoja saruji ikaota miguu. Shimo likabaki. Nyanya akaambiwa akae tu kama mwangalizi wa josho mpaka litakapokamilika, bila mshahara, na akakaa hapo akazeeka hapo. Maji ya mvua yalituama shimoni, akapanda migomba. Watu wakawa wanasema, "Ndizi za josho ni tamu."

Na diwani aliyeinua mkono ili ardhi ya mamake mzazi itengwe iwe josho alikuwa nani? Mjomba wangu. Kaka yake mamangu, tumbo moja, ziwa moja. Alimwambia nyanya ni heshima kwa familia.

Nyanya alipokuwa anaugua alinivuta mkono akaniambia mbele ya mamangu na majirani: "Hapa pako wewe. Wewe umerudi na tumbo bila bwana. Hakuna shemeji atakayekukatia pahali." Hivyo ndivyo nilivyorithi shimo. Nikajenga chumba cha mabati kando ya migomba, nikazaa, na nilipoondoka kwenda Uarabuni mamangu akahamia pale amlee mtoto. Kila nilichosugua Riyadh nilikisugua nikiona mlango wa chumba kile.

Basi kaunti zikaja, kaunsili zikafa. Wakati huo nilikuwa Jeddah, kwa sababu baba alikuwa na kazi ya mizigo bandarini na shule zikifungwa tulihamia wote huko kwenye fleti yake. Simu yangu ilikaa kwenye mkoba wa madam, ikitoka Ijumaa kama mtu anayekwenda msikitini. Ijumaa hiyo mamangu aliposhika simu hakuuliza hata hali.

"Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "huku watu wanabeba vitanda."

"Vitanda vya nini?"

"Kaunti imeleta kamati. Itapita ploti kwa ploti kwenye ile ardhi ya kaunsili. Atakayekutwa anakaa, na jirani wa kulia na wa kushoto wakasema wanamjua, ataandikiwa. Sasa kila mwenye ploti asiyoikalia amepeleka kitanda. Ukipita uwanjani asubuhi utadhani hospitali imeungua, wagonjwa wametolewa nje."

"Si wewe uko hapo? Waandike wewe."

"Mimi nimeshaandikwa kwa babako. Ni mtu mmoja ploti moja. Hapa wanataka mwenyewe." Akanyamaza. Mamangu akinyamaza kwenye simu ninayolipia mimi, ujue kuna kitu. "Na mjomba wako ameleta cha kwake."

"Ameleta nini?"

"Kitanda. Kile kikubwa cha mbao, cha harusi. Amekiweka kando ya shimo, na neti, na redio. Anasema anakaa hapa, na tayari amemleta mtu wa kituo cha petroli kupima kwa hatua."

"Mtoto yuko wapi?"

"Anaruka juu yake. Mjombako anamkataza, hasikii."

"Mwambie aendelee."

Nikasikia simu ikipokonywa, na mjomba akaja na ile sauti yake ya mikutano, inayoanza polepole ili upate muda wa kumheshimu.

"Mpwa wangu, punguza hasira. Wewe uko kwa Waarabu. Kamati ikija itamkuta nani? Mimi nakulindia."

"Soko pia ulililinda, mjomba."

"Soko lilikuwa siasa. Hii ni familia."

"Na yule mtu wa kituo cha petroli aliyekuja kupima kwa hatua zake? Naye ni familia?"

"Ni rafiki wa familia."

Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mjomba wake, na madam akatokea mlangoni akanyoosha mkono. Halas, muda umekwisha. Simu ikarudi mkobani. Kamati ilikuwa inakuja Jumatano.

Siku zilizofuata niliikatia ile nyumba vitunguu. Usidhani nilitafuta kisingizio cha kulia; sikuwa nalia. Nilikuwa naua vitunguu. Mama kabir alikuja jikoni kutafuta iliki, akaona rundo, akaniuliza tunapikia jeshi gani. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, cha sufuria na sabuni. Nikajaribu.

"Ardhi. Ya nyanya. Nyanya amekufa. Mjomba, haramu. Mjomba ameleta kitanda."

Nilidhani nitaanza upya. Akavuta kiti akaketi.

"Kaka ya mama?"

"Naam."

Akatema mate kwenye sinki niliyotoka kuisugua. Kisha akaniambia habari zake, polepole, akirudia ili nielewe. Riyadh ilipokuwa bado nyumba za udongo, mumewe alikwenda nje ya mji, akapanga mawe kuzunguka ardhi isiyo na mtu, akachimba kisima. Kwao, aliyeihuisha ardhi mfu ndiye mwenyewe. Joto lilipozidi wakapanda Taif, mji wa baridi milimani. Waliporudi mawe yalikuwa yamesogea na ngamia wa mtu amefungwa penye kisima chao. Kadhi akauliza nani ameihuisha. Yule mtu alikuwa amechimba kisima kikapata maji. Chao kilikuwa kimepata matope. Ardhi ikaenda.

"Sasa kuna duka la mazulia pale," akasema. "Kila tukipita namwambia mwanangu asipunguze mwendo. Kamati yenu ni lini?"

"Jumatano. Lakini simu mafi," nikasema, yaani hakuna. "Simu Ijumaa."

"Jumatano," akasema, akachukua iliki yake akatoka.

Jumatano madam alikuwa na wageni, wanawake wa jamaa zake, na mimi nilikuwa na sufuria tatu motoni. Saa ya Jeddah na ya kwetu ni moja, kwa hiyo kila mshale uliposogea nilijua mjomba anatandika shuka. Mama kabir akaingia jikoni na madam nyuma yake.

"Mpe simu," mama kabir akasema.

"Leo si Ijumaa, shangazi," madam akasema, kama kule wanavyowaita mama wakwe. "Na wali?"

"Wali nitauangalia mimi."

Madam alimtazama mama mkwe wake, ambaye hakuwa ameangalia wali tangu aolewe yeye, akafungua mkoba. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikaisimamisha simu kwenye bakuli la nyanya za mchuzi. Mamangu akapokea na mara moja nikasikia umati. Kamati ilikuwa imeshafika kwenye migomba.

"Mwenye ploti?" Hiyo ilikuwa sauti ya mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, mwanamke aliyewafunza nusu ya mji na bado akiita watu kama anasoma rejista.

"Huyu hapa," mamangu akasema, "kwenye simu."

"Mwenyekiti," mjomba akasema, "simu haikai. Mimi nakaa. Kitanda hicho, neti hiyo, nimelala hapa."

"Umelala hapa tangu lini, mzee?"

"Tangu Alhamisi."

Watu wakacheka. Nikasikia na jirani wa kulia, mama mmoja anayekaanga mihogo, akidakia bila kuitwa. "Huyo msichana namjua, mwanawe alizaliwa mimi nikishika taa. Huyu mzee pia namjua, ila sikumjua kama ana usingizi wa huku."

Jirani wa kushoto akaulizwa kama anamjua mjomba. "Namjua sana," akasema. "Ndiye aliyenihamisha sokoni."

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi nakaa hapo. Huku niko kazini. Mtu akienda kazini hajahama. Mwanangu yuko hapo, muangalie."

"Namuona. Yuko juu ya kitanda."

Mjomba akaanza kusema kuhusu wanawake wanaokwenda Arabuni na kusahau kwao, na hapo mama kabir, ambaye hakuelewa neno ila alielewa sauti, akaniondoa kwa kiwiko akainamia bakuli la nyanya. Akasema kwa Kiarabu, kwa mkunjo na mvuto, kwamba mwanamume anayemwibia binti ya dada yake Mungu amlaze na viroboto, amnyime usingizi upande wa kulia na upande wa kushoto, na kitanda chake kimgeuke. Alisema mengi. Alipopumua, nikaisogelea simu. Kisha nikasikia sauti nyingi za wanaume zikisema, "Amina." Mamangu aliniambia baadaye kwamba wazee wote walivua kofia, na mjomba ndiye aliyeinua mikono juu kuliko wote.

"Tunashukuru kwa dua," mwenyekiti akasema. "Tuendelee."

Mjomba aliona upepo umegeuka. Na mtu akibanwa hurudia kazi anayoijua. Nikamsikia akikohoa kile kikohozi cha kaunsilini.

"Mwenyekiti, kwa heshima ya kamati yako, tusipoteze wakati. Ardhi hii haiwezi kuandikiwa msichana. Ardhi hii ilitengwa. Mimi mwenyewe niliinua mkono. Ni josho la umma, na haijawahi kurudishwa kwa wenyeji hadi leo."

"Una hakika, mzee?"

"Hakuna mtu anayeijua kuliko mimi."

"Kwa hiyo ni ya umma."

"Ya umma kabisa. Hana haki hapa."

Ndivyo alivyotafuna mji mzima: kwanza thibitisha ni ya umma ili mwenyeji aondoke, halafu ngoja watu wasahau, halafu igawe. Ulikuwa utaratibu mzuri, umemjengea nyumba ya matofali. Alisahau kwamba ile hatua ya mwisho hufanywa na diwani, na yeye hakuwa diwani tena.

"Sasa, mzee," mwenyekiti akasema, "kitanda chako kinafanya nini kwenye ardhi ya umma?"

Nilisikia springi za godoro tu, maana mtoto alikuwa bado anaruka.

Watu walicheka mpaka simu ikakwaruza. Mimi sikucheka. Mjomba alikuwa ameanguka, lakini alikuwa ameniangukia.

"Na mimi, mwenyekiti?" nikauliza. "Mwanangu aende wapi?"

"Mama, ikiwa ni josho haiandikwi jina la mtu. Mikono yangu imefungwa." Nikasikia akishauriana na wengine, na mtu akitaja nyanya yangu. Kisha akarudi. "Josho hili lilikuwa na mwangalizi?"

"Nyanya yangu."

"Aliondolewa na nani?"

"Mungu."

"Basi nafasi iko wazi. Tutakuandika wewe mwangalizi wa josho. Mwangalizi na jamaa zake watakaa hapa mpaka litakapojengwa. Hauziwi mtu, hakai mwingine."

"Yuko Saudia," mjomba akasema, kwa sauti ndogo sasa.

"Wewe ulikuwa diwani miaka yote ile na hatukukuona," mwenyekiti akasema. "Toa kitanda, mzee. Twende ploti nyingine."

Simu ikakatika kwa kuishiwa salio. Wali ulikuwa umeungua chini. Mama kabir alikuwa amesimama mbele yake akiutazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Umepata?" akaniuliza.

Nilijaribu kumweleza. Sikupata ardhi. Nimekuwa mlinzi wa bafu la ng'ombe. Ng'ombe mafi, bafu mafi, kuna shimo na ndizi.

"Mshahara?"

"Mafi."

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka serikali imalize kulijenga."

Mama kabir aliketi kwenye kiti cha jikoni akacheka hadi ushungi ukamtoka, na madam akaja kuangalia nani anakufa. "Basi," akasema akijifuta macho, "hata wajukuu wako watazalia hapo."

Ijumaa simu ilipotoka mkobani nilimpigia mamangu. Mjomba alikuwa amekuja na mkokoteni akachukua kitanda bila kumsalimia mtu. Neti alikuwa ameikunja mwenyewe, vizuri. Lakini si habari za mjomba alizotaka kuniambia mamangu.

"Mama, kuna mtu hapa mlangoni ana ng'ombe."

"Wa nini?"

"Amesikia josho limepata mwangalizi mpya. Ametoka mbali. Anauliza wataogeshwa saa ngapi."

Nikaazima maneno ya kaunsili.

"Mwambie mradi upo, umetengwa, unangoja bajeti."

Nikasikia akienda kumwambia, na ng'ombe wakilia. Akarudi. "Anasema mjombako alimwambia hivyohivyo."

"Basi mwambie mwangalizi yuko nje ya nchi kikazi."

Safari hii alikawia. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia.

"Amefurahi sana. Anasema hajapata kusikia josho ambalo mkubwa wake anasafiri ng'ambo. Ameacha chupa ya maziwa, eti ni ya mkubwa, asimsahau kazi ikianza. Niyafanye nini?"

Nikamwambia ampe mtoto anywe yote, na haraka, kabla mjomba hajapita.